Yowe Nililopiga Shambani

Kitangari, Newala
19 Agosti 1988

Mpendwa dada Agatha,

Shikamoo. Hali yako huko Tanga? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Julia anaota meno na hanipi usingizi, lakini mzima.

Dada, hapa tunaishi kwa woga. Tangu wakimbizi kutoka Msumbiji wajenge vibanda karibu na mashamba yetu, kila kinachopotea ni wao. Kuku wa jirani, wao. Sufuria yangu, wao. Nami niliamini. Wala sikukumbuka kwamba baiskeli yetu iliibwa mwaka juzi, maduka yalipoanza kujaa vitu, na hao watu hawakuwapo hata mmoja.

Basi Jumatatu nilikwenda shamba, Julia mgongoni. Nikaona mwanamume ameinama pembeni mwa mihogo yetu, anachimba. Nikapiga yowe: "Mwizi! Mwizi!"

Walikuja na fimbo. Mume wangu Selestini alikuwa wa pili kufika. Walimpiga hadi mkono ukavunjika, ndipo mtu akamwaga kikapu chake. Ndani hamkuwa na muhogo hata mmoja. Ni ming'oko tu, ile mizizi ya porini ambayo hakuna aliyeipanda.

Kesho kuna mkutano wa kijiji. Wanataka wakimbizi wahamishwe, na shahidi ni mimi. Selestini ananiambia, "Mama Julia, sema alikuwa ndani ya mihogo, basi."

Nikamwuliza, "Na kikapu?"

"Kikapu hakisemi. Unataka nifungwe kwa kumpiga?"

Jana bombani akina mama walinitania: "Leo hupigi yowe? Mke wa mwizi wako huyo kaja!" Ni Isabela, mke wa yule mtu. Akanisalimia, akanitwisha ndoo kwa sababu nilikuwa na mtoto. Niliondoka mbiombio, maji yakanimwagikia.

Naogopa, dada. Naogopa kumpoteza mume, naogopa majirani, na sufuria bado sijui nani kaichukua. Lakini nitasema kweli: sikumwona akiiba, niliogopa tu. Selestini nimeshamwambia. Hajala tangu asubuhi.

Mambo yakiharibika nitakuja kwako na Julia. Usinikatalie.

Nisalimie shemeji Ladislaus na mwanetu Dominika. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake. Barua hii naituma leo, kabla ya mkutano, nisije nikageuza maneno.

Mdogo wako akupendaye sana,
Scholastika