Ngazi Nyuma ya Tanuri

4 Februari

Mdogo wangu Vidole,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua asubuhi, na ulimi wake haumsumbui saa yoyote. Anauliza kama unakula vizuri huko, na kwa nini tangu Novemba huandiki, unapiga simu za salamu tu. Mimi nipo palepale karakanani, nakata sare za shule mpaka naota kola.

Sasa tuache hayo. Gemu letu, Mnara wa Tisa, limetoka na nimelicheza Jumapili nzima. Vidole, wametuulia Mnara! Wewe unajua tulivyozoea tangu ule wa Kwanza: unapanda ghorofa kwa ghorofa, walinzi wanakushukia, unabonyeza vitufe kwa mpangilio, vitatu vinne kwa mpigo, ukikosea kimoja unaanguka mpaka chini. Hayo yamekwisha. Sasa mlinzi akija, gemu linasimama na kukuuliza: umpige, uzungumze naye au umpishe? Unachagua kwa kitufe kimoja. Uzungumze naye! Mlinzi wa Mnara!

Kwenye baraza la wachezaji mtandaoni panawaka moto. Kuna sisi wakongwe tunaotaka mapigano yetu, na kuna wale wanaosema eti hadithi imepata nafasi ya kupumua. Nimeingia kwa jina la Mama Ngazi na nimewapa vidonge vyao. Niandikie maoni yako nikawasomee. Wewe uliyekuwa unabonyeza mpaka Mama akakimbilia kuanua nguo akidhani ni mvua, najua utalia kuliko mimi.

Dada yako.


2 Machi

Dada mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi ni mzima wa afya na kazi ya kiwandani inaendelea. Usishangae kuona nimepiga chapa. Mwenzangu wa chumbani ana mashine ya kuchapia, na ni rahisi zaidi.

Mnara wa Tisa nimeucheza na nimeupenda. Unampa mtu muda wa kufikiri. Mnara ni uleule, ila sasa una mlango mpana zaidi kwa kila mpandaji. Yule mlinzi wa ghorofa ya pili, ukizungumza naye, anakueleza kwa nini hajawahi kushuka chini. Miaka yote hiyo tulimpiga tu, hatukumuuliza.

Mwambie Mama nakula.

Mdogo wako.


25 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Goti limepata nafuu, ulimi uko vilevile.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama. "Mlango mpana zaidi kwa kila mpandaji." Maneno hayo yameandikwa kwenye kasha la gemu, upande wa nyuma, chini ya picha. Tangu lini wewe unaongea kama kasha? Na jina lako la Vidole liko wapi? Hujawahi kumaliza barua bila kulichora na kucha zake.

Kuna la pili. Barazani kuna mtu anajiita Mgeni. Anautetea Mnara mpya kwa upole kama mganga anayetaka kukuchoma sindano. Nilimwambia ameanza kucheza jana, maziwa hayajamkauka mdomoni. Akanijibu hivi: "Mnara wa Tatu, ghorofa ya nne, nyuma ya tanuri kuna ngazi. Weka padi ya vitufe chini, usiguse kitu, moto utazimika wenyewe."

Niliacha mkasi. Ngazi ile tuliigundua wawili. Padi ilikuwa moja nyumbani, tukaishika pamoja bega kwa bega, mimi upande wa kushoto wa kutembea, wewe upande wa kulia wa kupiga. Siku ile tuligombana, tukaitupa chini, kila mtu amenuna na kutazama ukuta wake. Tulipogeuka, moto umezimika na ngazi inaonekana. Tuliapa hatutamwambia mtu.

Je, wewe ndiye Mgeni? Kama si wewe, umemwambia nani?

Dada yako.


20 Aprili

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Mgeni simjui. Ngazi ile nadhani watu wengi wameshaiona, miaka imepita. Kamera ya simu yangu bado ni mbovu, ndiyo maana sipigi simu za picha.

Mwambie Mama nakula.

Mdogo wako.


14 Mei

Mdogo wangu, kama ni wewe,

Mama ni mzima. Mimi silali vizuri.

Mimi ni fundi nguo. Niletee shati lolote la karakana yetu, nitakuambia limeshonwa na nani kwa jinsi alivyofunga uzi. Hizi barua zako uzi wake umefungwa na mtu mwingine. Mdogo wangu hawezi kuandika barua mbili bila kunitania. Halafu ile picha ya studio uliyomtumia Mama: koti, mkono mfukoni, kama diwani anayeomba kura. Ulianza lini kuweka mkono mfukoni?

Nimefikiria mengi. Pengine wenye Mnara wamekuajiri uwasifie barazani, na unaona haya kuniambia. Pengine kuna mtu anakuandikia barua, na wewe uko mahali usipotaka tupajue. Juzi niliandika kwenye shajara yangu: "Leo simwamini mdogo wangu." Nikakaa nikiitazama sentensi hiyo kama kitambaa nilichokikata vibaya. Nilimgusia Mama. Akasema mficha maradhi kilio humuumbua, akaendelea kuchambua mchele.

Huyo Mgeni wako nimemmaliza. Niliandika barazani: "Anayeshindwa kutumia vidole kumi asibadilishiwe Mnara, akafuge kuku." Watu wamecheka mpaka wamelisambaza, limekuwa msemo wa wakongwe. Mgeni hajaonekana tena tangu siku hiyo.

Sitaki tena karatasi ya chapa. Shika kalamu uniandikie kwa mkono wako, hata mistari mitatu. Mwandiko wako naujua hata gizani.

Dada yako.


30 Juni

Mdogo wangu,

Barua haijaja. Nilipokupigia simu ulisema uko kazini, na nyuma yako kulikuwa kimya. Kiwanda gani cha maboksi kina kimya? Mama ananiuliza, namjibu kwamba posta ina matatizo. Usinifanye niendelee kumdanganya.

Dada yako.


11 Julai

Dada, shikamoo.

Mwandiko huu ni wangu. Ni wa mkono wa kushoto. Barua hii nimeianza tangu Mei, nyingine zote nimechana.

Novemba mashine ya kukata maboksi ilikwama. Niliingiza mkono kuvuta karatasi, kama tunavyofanya wote. Ikakwamuka. Mkono wa kulia umebaki na dole gumba na kidole cha mwisho. Kidonda kimepona. Wamenihamishia stoo, napokea simu na kufungua mlango. Ndiyo maana ya kile kimya.

Mwanzo nilificha kwa sababu ya Mama. Baadaye ikawa kwa sababu yako. Kila ulichoandika kilianza na Vidole.

Mnara wa Nane nilikuwa nimeufungia kabatini. Ulipotoka wa Tisa nilijaribu tu, kwa mkono huu mmoja, nikafika juu. Dada, nilifika juu! Nikaenda barazani nifurahi na wenzangu, nikamkuta Mama Ngazi mlangoni na ufagio.

Ndiyo, Mgeni ni mimi. Uliniambia nimeanza kucheza jana. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba nilikuwepo, ila ile ngazi. Kwa hilo nisamehe. Maneno ya kasha niliyanakili kwa sababu ya kwangu yalikuwa hayatoki.

Kuhusu kuku, nimelifikiria sana. Hapa ninapopanga hawaruhusu mifugo.

Mdogo wako.


6 Agosti

Vidole wangu,

Nimeliandika makusudi. Kama jina hulitaki tena, nirudishie nami nitalitunza.

Mama nimemwambia. Alilia, akanawa uso, akaja kusimama mbele yangu. "Alisema anakula. Kijiko anakishikaje?" Hilo ndilo swali lake. Mjibu mwenyewe.

Barazani sikufuta yale maneno. Yameshasambaa, na kuyafuta kungekuwa kujisafisha mimi tu. Niliandika chini yake kwamba aliyeyasema hakuuliza anamwambia nani, na kwamba Mgeni alifika ghorofa ya nne kabla yao wote. Nusu yao wamenitukana. Wanasema Mama Ngazi amenunuliwa, eti sasa naongea kama kasha. Nimevuna nilichopanda.

Halafu nilifunga mkono wa kulia kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikaucheza wa Tisa tangu chini. Kwenye ghorofa ya pili nilichagua kuzungumza na yule mlinzi. Sawa, ana maneno. Nilikaa naye muda. Lakini usidhani umenishinda: muziki wameuharibu, na Mnara kwangu bado ni kupigana. Tutabishana mpaka uzeeni.

Mashine yetu ya zamani ya gemu ilikuwa juu ya kabati. Nimeifuta vumbi na Mnara wa Tatu unawaka. Omba likizo uje. Tutabadilishana viti. Wewe utashika upande wa kushoto wa kutembea, mimi nitabonyeza. Nitabonyeza vibaya na wewe utanitukana.

Ila bado nakutilia shaka. Umenidanganya kwa herufi zilizonyooka kama rula. Safari hii usiniambie tu kwamba unakuja. Nitumie kitu cha kuamini.

Dada yako.


9 Septemba

Dada, shikamoo.

Nimepewa wiki tatu za Desemba. Ndani ya bahasha kuna nakala ya tiketi, ukaikague hata kwa mkasi ukipenda.

Mwambie Mama kijiko nakishika vizuri kwa kushoto. Kinachonishinda ni vifungo vya shati. Namletea mashati yote avifunge.

Tukifika kwenye tanuri, kumbuka: padi chini, na ukae kimya. Najua kukaa kimya ndiko kutakakokushinda.

Mdogo wako,
Vidole (vilivyobaki).