Jiwe Halikutoka Juu

KITUO CHA POLISI MAKAMBAKO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Elius Yohana Mtewele
Umri: Miaka 54
Kabila: Mbena
Dini: Mkristo, Mlutheri
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Kibarua wa mbao
Ndoa: Amefiwa na mke
Makazi: Lyamkena, juu ya reli
Tarehe: 15/08/2025, saa 4:15 asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Scholastica

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa miguu. Nimekuja kwa habari ya jiwe lililompata dada Janeth, afisa misitu, juzi kule kilimani. Jiwe hilo halikutoka juu kama watu wanavyosema. Halikurushwa na Tarsis mliyemweka ndani. Tarsis simpendi, na nitasema kwa nini, lakini jiwe si lake. Afande ameniambia nianze mwanzo. Mwanzo ni mkaa.

Mnamo mwaka 2012, mwezi wa saba, tarehe siikumbuki, mimi na mke wangu Ema tulichoma mkaa kwenye miti ya zamani ya miwati, kilimani, upande wa juu wa Lyamkena. Kibali hatukuwa nacho. Afande ameniuliza kama najua ninachokisema. Najua. Andika.

Watu wengi wanalaza magogo kwa urefu, tanuri linakuwa kama kaburi. Ema alitaka la duara. Alisema nyumba ya bibi yake kule Mdandu ilikuwa duara na moto wake haukuwahi kuzimika. Nilimbishia. Mwisho tukajenga la duara, hatua tisa toka upande mmoja hadi mwingine. Tukafunika majani, juu yake udongo. Lilichukua siku tisa. Tulilala palepale kwa zamu, maana moto ukitoboa udongo, mkaa wote unakuwa majivu.

Siku ya saba Ema alipanda juu kuziba tundu. Alikuwa amebeba udongo kwenye sufuria. Pakabonyea. Mguu aliutoa, umeungua. Sufuria ikazama ndani. Alikuwa nayo toka harusini. Alilia kwa ajili ya sufuria, mguu hakuutaja.

Tulipofukua hatukuona sufuria. Tuliona bonge, limeyeyuka kama uji uliomwagika. Tukaliacha. Siku zile watu wa misitu walikuwa wanazunguka na gari. Tukafukia haraka, tukatandaza majani, tukashusha magunia. Udongo wa pale uliiva ukawa mwekundu kama tofali. Mti haujaota mpaka leo. Ema alifariki mwaka 2017, kwa ugonjwa wa tumbo.

Mwaka 2023 nilianza kibarua kwenye mashine ya kuchana mbao, zile tunazoita dingdong. Anayetupikia pale ni Noela, mama Jasmine. Naye amefiwa na mume. Maharage yangu alikuwa anayachota juu, kwenye mafuta. Wenzangu walikuwa wanaona. Hosea, anayeendesha mashine, alikuwa anasema, "Baba Eveline, hayo si maharage, hiyo ni barua." Eveline ni binti yangu, ameolewa Njombe.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilimwambia Noela twende kwa wazee wake. Hakukataa. Alisema, "Tuvune kwanza, baba Eveline."

Kabla hatujavuna akaja Tarsis. Ni fundi wa sola, mtu wa Mlangali. Mwezi wa tatu alikuja kufunga taa kwenye kibanda cha Noela. Taa moja. Aliifunga siku tatu.

Tarsis ana simu kubwa. Alikuwa anatuonyesha picha za vyombo vinavyoshuka toka angani, na watu wenye vichwa vikubwa. Alisema serikali zote duniani zinajua, ila zinaficha. Nikamwambia, "Fundi, hapa mtu akichinja kuku jioni, asubuhi mtaa mzima unajua. Chombo kama nyumba kinatua, hakuna mwenye kukiona?" Watu wakacheka. Tarsis hakukasirika. Alisema, "Mzee wangu, si kila jicho linapewa." Noela alimtazama. Mimi hakuwahi kunitazama vile.

Kuanzia hapo maharage yangu yakawa maji. Noela akaanza kuniita mzee Elius.

Mnamo mwezi wa tano Tarsis alipanda kilimani kutafuta mtandao, akaliona lile duara. Jioni alikuja kwenye mashine na bonge mkononi. Jepesi, ukilikwaruza linang'aa. Akasema chombo kilitua pale, udongo umeiva kwa moto wa chombo, na madini yale duniani hayapo. Akasema serikali ilikuja usiku ikafukia ushahidi, bonge moja wakalisahau.

Nililijua palepale. Lilikuwa sufuria ya Ema.

Afande ameniuliza kwa nini sikusema. Kusema hilo ni kusema mkaa. Na kuna lingine. Noela alikuwa amesimama karibu naye, kitenge chake kinagusa suruali ya Tarsis, na hakusogea. Ningesema, wangeniambia ni wivu. Na kweli ulikuwa wivu.

Kesho yake Tarsis alikata kipande kwa msumeno wa chuma. Akakitoboa, akatia uzi, akamvalisha Noela shingoni mbele yetu. Hosea akasema, "Mama Jasmine sasa ni mke wa ndege." Noela akacheka, akakishika kwa vidole. Nilikula huku natazama sufuria ya mke wangu kwenye shingo ya mwanamke niliyemtaka, amevalishwa na mtu mwingine. Nilimaliza sahani. Siku ile nilipakia magari mawili peke yangu.

Watu wakaanza kupanda kilimani Jumapili baada ya ibada, hata wa kanisani kwetu. Wakifika kwenye duara wanavua viatu. Baridi yote hii. Mimi na Ema tulikuwa tunakojoa pale pembeni, hakuna aliyevua viatu.

Mnamo tarehe 13/08/2025, Jumatano, mafuta ya mashine yaliisha. Tarsis alikuwa amewaambia watu kwamba serikali inakuja kuchukua ushahidi uliobaki. Nami nilipanda. Nilifika kama saa 3:50 asubuhi. Watu walikuwa kama arobaini. Ukungu ulikuwa haujainuka kule kwenye miti, mtu aliyesimama huko ulimwona kivuli tu.

Saa nne alifika dada Janeth na pikipiki. Alikuwa peke yake, na jembe dogo. Alisalimia kwa Kibena, "Kamwene," watu wachache wakaitikia. Alichimba pembeni mwa duara, akafika kwenye weusi, akauinua mkononi. Akasema, "Wazee wangu, hili ni tanuri la mkaa. La siku nyingi, miaka kumi na zaidi. Na aliyelijenga aliijua kazi."

Niliposikia hivyo nilifurahi. Ema amesifiwa. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Tarsis akamwambia, "Pole na kazi, dada. Hayo ndiyo uliyotumwa uje uyaseme." Watu wakapiga makofi.

Dada akajibu, "Sijatumwa, kaka. Nimesikia watu wanakata miti kutengeneza njia, nimekuja kuangalia."

Tarsis akasema, "Mnaona? Wangekiri, ndiyo ningeshangaa."

Kwa maneno hayo, afande, mtu huwezi kumshinda. Ukikataa, unaficha. Ukikubali, umeficha siku zote.

Dada Janeth aliona kile kipande shingoni mwa Noela. Akaomba akitazame kidogo, akisema kinaonekana kama aluminiamu. Noela akarudi nyuma. Tarsis akaweka mkono kwenye shingo ya Noela, akakifunika kipande. Mkono wa pili akauweka kiunoni. Hakuutoa. Watu wazima wote pale, mchana, hakuutoa.

Nilikuwa nyuma, kwenye mti, hatua kama ishirini na tano. Niliokota jiwe, ukubwa wa kiazi. Nililitupia ule mkono wa kiunoni. Toka utoto nafukuza nyani kwa mawe kwenye mahindi, sikosi. Lakini Tarsis alimvuta Noela pembeni kumwambia kitu sikioni. Jiwe likapita, likampata dada Janeth juu ya jicho. Akakaa chini. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja, damu ikapita katikati ya vidole.

Watu wakakimbia. Mimi pia nilikimbia. Tarsis hakukimbia. Alivua shati akamfunga dada kichwa. Hilo nalo sipendi kulisema, lakini niliangalia nyuma nikaliona. Polisi walipofika walimkuta na damu mikononi, na ndiye aliyekuwa akibishana naye, wakamchukua.

Nimesikia dada ameshonwa nyuzi sita. Kati ya watu wote pale, mkweli alikuwa yeye. Ndiye niliyempiga.

Mnamo tarehe 14/08/2025, saa 3 asubuhi, nilikuwa kazini. Nilifikiri watu watauliza nani alirusha. Hakuna aliyeuliza. Hosea alikuwa anasimulia, wenzake wamemzunguka.

Alisema, "Lilishuka wima. Nimeliona kwa macho yangu. Lilikuwa linatoa moshi."

Nikasema, "Lilikuwa la baridi."

Akasema, "Wewe mzee umejuaje, ulilishika?"

Nikasema, "Mawe yote ya mwezi wa nane ni ya baridi."

Wakacheka. Noela alikuwa anamenya viazi. Alisema, bila kuinua kichwa, "Chekeni tu. Wageni wa angani wamemkinga Tarsis. Yule dada alitaka kunivua hiki, wakampiga wao."

Nilishika gogo nikasahau kulibeba. Lile jiwe nimeliokota mimi. Nimelitupa kwa mkono wangu, kwa hasira yangu. Na lenyewe sasa limekuwa la Tarsis. Tanuri lake, sufuria yake, Noela wake, na jiwe lake. Mimi nimebaki na nini, koti hili nililovaa?

Saa sita mchana Noela alikuja mjini kumletea Tarsis chakula hapa kituoni. Alipita mbele ya mashine amebeba hotipoti ya bluu. Hiyo hotipoti inakaa kabatini kwake, mtu wa mashine hajawahi kupakuliwa humo. Jioni alipita tena nayo. Usiku sikulala. Nilikuwa namwonea wivu mtu aliye mahabusu.

Leo tarehe 15/08/2025, saa 2:30 asubuhi, nilimsubiri Noela hapo nje ya geti lenu. Alipofika nilimwambia yote. Nilimwambia tanuri ni la Ema, nikamwambia juu ya mguu, nikamwambia alichovaa ni sufuria. Nikamwambia jiwe nilitupa mimi, na nilikuwa namtupia nani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi. Aliuliza, "Nani amekutuma?"

Nikasema, "Mama Jasmine, unanijua. Nani wa kunituma mimi?"

Akasema, "Tarsis aliniambia jana dirishani. Alisema watatafuta mtu maskini aje aseme alifanya yeye, ili jambo life. Sikufikiri watakuchukua wewe." Akaniangalia kwa huruma. Akaniambia, "Kama wamekutisha, baba Eveline, niambie."

Aliniita baba Eveline. Kwa miezi mitano nimelisubiri jina hilo, na ameliweka hapo.

Nikamwambia kikwaruze hicho kipande, utaona ni sufuria kama zako. Akasema Tarsis amekataza kukikwaruza. Akaingia ndani na hotipoti.

Ndiyo nikaingia nyuma yake. Afande ameniuliza kama nimekuja kwa kumhurumia Tarsis. Hapana. Najua akitoka leo atalala wapi. Nimekuja kwa sababu nimeambiwa nimetumwa. Kule kilimani serikali haijaficha kitu. Waliofukia lile tanuri ni watu wawili, mmoja amekufa na mwingine ni mimi. Wa jiwe ni mimi peke yangu.

Ninachoomba ni kimoja. Tarsis mfungulieni kwa mlango wa mbele, Noela akiwepo, na mimi mniingize kwa mlango uleule wakati wanatoka, wanione. Mtu aliyetumwa hafungwi. Nikilala humo wiki moja na serikali haijanitoa, Noela atahesabu mwenyewe kwamba sikutumwa. Na asiniletee chakula. Akileta sitakula, mpaka aje amekivua kile kipande.

Niliyoyasema nimeyaona na kuyatenda mwenyewe, na mtu hajaniwekea neno mdomoni.

Sahihi ya shahidi: E. Mtewele

MAELEZO YA MWANDISHI: Maelezo haya yameandikwa na mimi kwa Kiswahili, nimemsomea shahidi neno kwa neno, amekubali ni sahihi na kutia sahihi mbele yangu. Alipotaja kurusha jiwe nilimsimamisha na kumweleza kuwa halazimiki kuendelea na kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Alisema niendelee kuandika. Maelezo yake ya onyo yataandikwa kwenye jalada tofauti. Yuko chini ya ulinzi kuanzia saa 5:40 asubuhi. Ameulizwa ndugu wa kumdhamini, ametaja binti yake aliyeko Njombe, akaomba asipigiwe simu kabla ya Ijumaa ijayo.

WP Koplo Scholastica
15/08/2025