Urefu wa Muigai

Barazani kwa Mahesh, Duka la Vitambaa,
Thika.
Jumapili, 14 Septemba 1958

Mpendwa mpwa wangu Zacharia,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako wa cherehani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, unalala, na ile baridi ya huko Amerika haijakumaliza. Sisi tunapumua. Mgongo wangu unalalamika, lakini huo ni mgongo wa fundi, hauna habari mpya. Kwenu Ruiru ni vumbi tupu, tunangoja mvua.

Mama yako hajambo. Anakohoa kidogo asubuhi, na ukimtajia hospitali anashika jembe na kwenda shamba.

Barua yako ilifika. Tuliisoma mimi na mdogo wako Muigai, tukairudia. Ati mwalimu wa mpira wa kikapu wa koleji yenu anatafuta kijana mrefu, na akimpenda koleji itamlipia masomo, kitanda na chakula! Muigai alisoma pale penye jina lake mpaka karatasi ikaanza kuchanika kwenye mkunjo.

Umeuliza amecheza miaka mingapi. Sitamdanganya huyo mwalimu wenu. Shule yake haina timu. Kutupa alijifunzia kwenye goli la netiboli la wasichana, kwa mwalimu Selpha, wavulana wenzake wakimwita shangazi. Halafu Pradip, kijana wa Mahesh, alimwona akinishushia jora la kitambaa kutoka rafu ya juu kabisa bila ngazi, akampeleka kwenye uwanja wa klabu yao. Mazoezini wanamgombania. Siku ya kombe anakaa nje kushika makoti, kwa sababu klabu ni ya Wahindi. Na siku nyingine hata mazoezini hafiki, maana karani anayetoa pasi za kusafiria pale Ruiru haamini kwamba Mkikuyu anaomba ruhusa ya kwenda Thika kucheza. Mechi za kweli amecheza mbili tu, za kirafiki.

Sasa wewe ukasema kwamba kama michezo ni michache, mwalimu atautazama urefu wake. Tumpime bila viatu, utosi hadi kisigino, tukuletee kipimo kabla mwezi huu haujaisha. Mimi nikacheka. Kuna kazi gani rahisi kwa fundi wa nguo kuliko kupima mtu? Muigai huyu nimempima kiuno na mabega tangu kaptula yake ya kwanza.

Nikaenda Ruiru na tepu shingoni. Muigai akavua viatu, akasimama wima mlangoni, huku anatabasamu kama bwana harusi. Mama yako akatoka jikoni na mwiko, akauliza tunafanya nini. Nikamweleza yote. Akaichukua ile tepu mkononi mwangu, akaikunja.

Hapa lazima nikwambie jambo usilolijua, kwa kuwa hukuwepo. Baba yako alipofariki mwaka jana, seremala alikuja kabla watu hawajamaliza kulia. Sisi wanaume tulikuwa kwa chifu tukiomba ruhusa ya watu kukusanyika mazishini. Kwa hiyo hakukuwa na wa kumsaidia seremala ila mama yako. Yeye ndiye aliyeshika ncha ya tepu pale kisiginoni.

Nawe unajua kwetu watoto hawahesabiwi, hata kwa kidole, wasije wakapungua. Kwake yeye, kumpima mwana aliye hai utosi hadi kisigino ni kubaya kuliko kumhesabu. Kiuno hakatai, hiyo ni suruali. Lakini ule urefu wote ni jeneza.

Nikamwambia, Wamboi dada yangu, huu ni mchezo, kijana atasoma bure. Hakupandisha hata sauti.

"Mmoja yuko Amerika, mmoja alipimwa akazikwa. Huyu niachieni."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi Gichuru, mwenye mdomo unaojulikana kutoka Kamenu hapa Thika mpaka stesheni ya Ruiru, nilikaa kwenye kigoda nikanywa uji.

Usifikiri niliishia hapo. Nilimpelekea mchungaji. Akaomba vizuri sana, mama yako akaitikia amina, na tepu akabaki nayo, nimenunua nyingine. Dayaben, mke wa Mahesh, akanishauri niandike urefu wa kukisia, jicho la fundi halikosei sana. Kweli ningeweza. Lakini mama yako alikwisha kunishikisha mkono wa Muigai na kuniambia nikikuandikia kipimo hicho, na kijana akaenda asirudi, basi mimi ndiye niliyempima. Neno kama hilo likitoka kwa dada yako utaliweka wapi? Nimeishika kalamu mara nyingi na mkono umekataa.

Pradip naye alitaka kumpima kimyakimya kwa yadi ya chuma ya kupimia vitambaa dukani. Muigai mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kwenda mahali ambapo mama yake atakuwa akimlilia kila siku kama maiti.

Basi, barua hii haina kipimo. Mshukuru mwalimu, mwambie amchukue mwingine. Na tafadhali usimwandikie mama yako maneno makali. Nimekasirika, nakwambia wazi, na sijui nimkasirikie nani. Si yeye, si seremala, wala si wewe uliyekwenda.

Muigai ameacha kwenda uwanjani. Ameniomba nimfundishe kukata na kushona, na Mahesh amekubali akae nami hapa barazani. Shida ni yale magoti, hayaingii chini ya meza ya ile cherehani ya mkono. Nikaweka matofali chini ya miguu ya meza, nikaongeza mengine, mpaka akaenea. Mama yako alipita Ijumaa akitoka sokoni, akatazama matofali yale, akafurahi kweli kweli. Akasema sasa mtoto amekaa vizuri.

Mke wangu Warigia anakusalimu, na binti yetu Kanini, ambaye sasa anajua kusoma jina lako kwenye bahasha. Mwalimu Selpha pia, na Pradip. Muigai anakusalimu, nilimuuliza niongeze neno gani lake, akasema salamu zatosha.

Mungu akulinde huko darasani na njiani, na siku moja akulete mlangoni kwa mama yako kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukuwaza,

Gichuru