Nani Anafagia kwa Amédée

Jumamosi, 24 Julai 1999

Nilienda makaburini na jembe na ndoo ya chokaa, nitengeneze kwa mwanangu Amédée mapema. Tarehe moja Agosti ni fête, sikukuu ya wazazi: asubuhi watoto wanafagia makaburi ya baba na mama zao, mchana wanakula na wazazi walio hai. Mwanangu hakuacha mtoto. Basi kazi ni yangu.

Nimekuta imefanywa! Udongo umepandishwa, mawe yana chokaa, maua kwenye kopo la maziwa.

Nani? Mimi njo mama yake, ndimi nilimzaa. Mimi nilikaanga mandazi miaka sita apate diplôme ya sekondari — na alipata, asilimia sabini na moja, mtaa mzima hakuna mwingine. Mwalimu. Kiongozi wa kwaya yetu ya Wamethodisti. Homa ya tumbo ilimchukua Januari, dawa hazifiki sababu ya vita.

Nimerudi na chokaa yangu nzima. Bega linauma.

Jumapili, 25 Julai

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa natazama mikono ya wanawake, nani ana chokaa kwenye kucha. Mdogo wangu Salomé akanong'ona: Yaya, dada yangu, weye unaonea wivu mpaka ufagio? Nilimwambia tuko kwenye sala.

Labda Lise, aliyekuwa mchumba wake. Hapana. Lise ameolewa, hata kwake hafagii.

Jumatano, 28 Julai

Mzee Kapenda, mlinzi wa makaburi, amesema: ni msichana wa kwenye base, kambi ya jeshi, binti ya askari. Kila Jumamosi alfajiri anakuja na mutoto mgongoni. Anaimba. Nyimbo gani? nikauliza. Za kanisa lenu, mama, beti zote anajua.

Beti zote. Mimi najua mbili, halafu nafuata wengine.

Niling'oa maua yake nikayapeleka kaburi la jirani, mkatoliki wa watu. Mungu anisamehe. Limependeza sana lile kaburi.

Jumamosi, 31 Julai

Nimewahi asubuhi nimtangulie. Alikuwepo. Mfupi, jina Bijou, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Nilimwambia: Kesho watu wanafagia kwa wazazi wao. Weye unafagia hapa kwa nani?

Alifungua kitenge, akamshusha mtoto wa kike, mwaka mmoja na kidogo, akamshikisha ufagio. Akasema: Si minyi, mama. Ni yeye njo iko anafagia kwa baba yake.

Masikio ya Amédée. Yale yale, yamesimama.

Nikauliza kwa nini mwanangu hakuniambia. Alikuogopa, mama. Alisema hutaki bantu ya base, watu wa kambini. Kweli nilisema hivyo, tena mbele ya wageni.

Mtoto anaitwa nani? Agar.

Jina langu. Mwanangu alikuwa amenizaa upya, na mimi sijui. Nilinyoosha mikono. Mtoto akakimbilia miguu ya yule msichana.

Jumapili, 1 Agosti

Tumefagia watatu. Mama Émerence, mkubwa wa wanawake kanisani, aliuliza mutoto ya nani huyu. Nilijibu kwa sauti, wa kaburi la mwisho asikie: wa Amédée, na jina lake ni langu. Hakuna kaburi lililong'aa kama letu.

Mchana nilichinja kuku. Bijou alimfundisha mtoto aniletee paja kwa mikono miwili. Aliniletea — lakini kwanza amelimega, kipande cha kwanza ametia kinywani mwa mama yake. Niliona. Salomé aliona kwamba nimeona.

Halafu Bijou akasema, polepole: kikosi cha baba yake, yule askari, kinahamishwa. Familia zinapanda ndege ya jeshi kesho asubuhi. Lori linakuja kuwachukua saa kumi hii.

Nilisema sawa. Nilisema ngoja niwafungie karanga. Nikaingia chumbani.

Sasa Bijou iko uani anatafuta kiatu cha mtoto, cha kushoto. Mama, hukukiona? Salomé anainua mikeka. Lori linapiga honi barabarani, mara ya pili.

Kiko hapa, chini ya daftari hili. Mtoto amesimama mlangoni, mguu mmoja mtupu, ananitazama ninavyoandika.