Rafu ya Dini

Benedikta, pokea kikaratasi hiki upesi.

Mzee Tawakali, yule mwenye duka, alikuja kuviona vitabu alivyoipa maktaba yetu hapa Mbulu. Vyote vya herufi za Kiarabu nilikuwa nimeviweka rafu ya dini. Vyote!

Akashika kimoja. "Binti, hiki kinafundisha mwandiko. Mke wangu alijifunzia humu kuandika Kiswahili kwa herufi hizi. Ulikisoma?"

"Hapana, mzee."

"Hapana! Ukaona herufi tu, ukanipeleka msikitini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Amevichukua vyote, Benedikta. Vyote! Na Bwana DC anafungua maktaba kesho.

Nilimkimbilia mlangoni nikamwomba anifundishe kuvisoma. Akasema, "Njoo dukani. Utakachoweza kusoma, utarudi nacho."

Nakwenda sasa hivi. Niombee.