Gari Letu Halina Kioo cha Ndani

Bariadi, Jumapili, mwisho wa Agosti. Jua kali tangu asubuhi, na upepo unaleta vumbi pamoja na moshi wa mabua ya pamba yanayochomwa mashambani. Mgongo unauma. Jana tumerudi kutoka Mwanza, familia nzima ndani ya gari moja, na wote tumefika salama.

Gari lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu hakuna kiwanda kilicholiunda hivi lilivyo.

Masunga, mume wangu, alilinunua kwa kampuni ya kununua pamba iliyokuwa inafunga biashara. Tangu soko la pamba lifunguliwe, kampuni za namna hiyo huja na mizani zao msimu huu, msimu ujao huzioni. Lilikuwa pikapu: injini nzima, chesisi nzima, bodi imeoza. Gari la mtumba kutoka Japani, la kutosha watu wote wa nyumba yetu, lilikuwa juu ya uwezo wetu. Tukaamua kuliunda hapa hapa, kwa Fundi Lameck, anayechomelea milango ya maduka na bodi za malori karibu na stendi.

Haraka yetu ilikuwa mama yangu. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na hospitali ya Mwanza ilimpangia siku ya kupasuliwa la kulia. Kama angeikosa, angesubiri zamu nyingine, na daktari hakusema lini. Na mabasi hapandi. Alishaanguka kwenye ngazi za basi, akaapa hatapanda tena.

Fundi Lameck hachori kwenye karatasi. Alilichora gari kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, kwa ukubwa wake halisi, akatuita tukae ndani ya mchoro juu ya vigoda na magunia. Masunga alikaa mbele, mikono hewani kama ameshika usukani. Nyuma yake alikaa shangazi yake, Kabula, mwanamke mnene asiyeuonea haya unene wake.

"Wewe fundi, chaki yako imenikata paja," alisema. "Sogeza ukuta."

Ukuta ukasogezwa. Ndivyo gari lilivyopata upana.

Mengine tuliyajua barabarani. Springi za pikapu ni za mizigo. Tulipolijaribu kwenda Kasoli, lilimrusha shangazi hadi akagonga dari. Fundi akapunguza vyuma vya springi, akainua dari. Akaongeza kipandio cha chini ili mama asihangaike kuinua mguu.

Kosa kubwa lilikuwa limeanzia kwenye chaki, na hakuna aliyeliona. Mahali pa mama nilikaa mimi.

Siku mama alipokuja kulikagua gari, Masunga hakuwepo. Akapanda kipandio bila msaada, akapapasa kiti, dirisha na dari. Alisifu kila kitu. Kisha akauliza, "Kile kioo anachotazamia dereva, kipo?"

"Kipo, mama. Juu ya usukani."

"Kinatazama wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ndiko nilikokaa mimi."

Akashuka.

Kwa msomaji asiye wa huku: mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, wala hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia. Mama na Masunga wameishi hivyo tangu tufunge ndoa, na sijawahi kusikia mmoja akimsema mwenzake vibaya. Ni heshima, na kila mmoja anaipokea kama anavyoitoa.

Nilijaribu kubishana. "Mama, wewe huoni."

"Mimi sioni. Na yeye haoni?"

Aliniambia atabaki na ukungu wake.

Tulijaribu pazia; ndani kukawa joto la tanuri. Tulijaribu kukigeuza kiti kitazame nyuma. Mama akatapika kabla hatujaiacha Bariadi. Siku ya daktari ilikuwa inakaribia, na gari limesimama uani limepakwa rangi, zuri, halina kazi.

Jioni moja Masunga alichukua bisibisi, akakifungua kioo cha ndani, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia kwenye kisanduku cha dashibodi. Fundi Lameck alichukia.

"Gari la familia bila kioo cha ndani? Watu watasema nilisahau."

"Kwenye malori wanakiweka wapi?" Masunga alimjibu. "Nifungie vioo vya lori pembeni."

Tukaondoka hivyo. Njiani mama aliniuliza tumefika wapi. Nikasema Kiloleli, ng'ombe wameziba barabara.

"Mwambie mumeo ng'ombe wa hapa hawana adabu."

"Mwambie mama nimesikia," akasema Masunga.

Wameketi ndani ya gari moja, wanasikiana vizuri kabisa, na kila neno lazima lipitie kwangu. Mimi ni mwandishi, kunukuu watu ndiyo kazi inayonilisha, lakini sijawahi kusimamiwa na pande zote mbili kwa karibu namna hiyo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, mama alinitazama mimi, akamtazama Kabula. "Kumbe unene wako si maneno tu," alimwambia. Kisha akaomba kioo.

Muuguzi hakuwa nacho. Mimi sikuwa nacho. Nilitoka hadi kwenye gari kumuuliza Masunga. Alifungua kisanduku, akakitoa kile kioo, akakipangusa kwa shati lake na kukiweka juu ya kipandio. Halafu akaenda kusimama getini, ametupa mgongo.

Mama alikuja akakichukua mwenyewe. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Nimezeeka hivi, na hakuna aliyeniambia?"

"Tulidhani unajua, mayu," alisema Kabula, akimwita mama kwa Kisukuma, na mama akacheka mpaka nikamwambia alionee huruma jicho.

Hakukirudisha kioo. Alikifunga kwenye kanga pamoja na dawa zake. "Mwambie mumeo wabeja," alisema. Nikaenda getini kumpelekea asante hiyo. Masunga aliitikia kwa kichwa, akaniuliza kama mama ameshapanda.

Leo Fundi Lameck amekuja kukidai akifunge tena. Masunga amenituma kwa mama. Nimekikuta ukutani, kando ya mlango wake, kimening'inizwa kwa uzi.

"Gari linataka kioo cha nini?" ameniuliza. "Lina sura?"

Jicho la kushoto bado. Tutarudi Mwanza kwa gari hili hili, na safari hiyo mama atakuwa anaona. Juu ya usukani kumebaki matundu mawili ya skrubu. Nimemwambia fundi ayazibe, apake rangi.