Jaji Asiye na Ndoa Kubwa

Faouzia, siamini! Tumetoka sasa hivi kwa wakala wa tiketi za boti, mimi na wifi yangu Moinaecha.

Unajua mwanawe amekwama kisiwa cha pili, Mutsamudu, kwa bibi yake tangu vurugu zianze. Na ile sheria ya kuzuia watu kuvuka baina ya visiwa, mahakama imeifuta leo asubuhi. Inapingana na katiba, kama tulivyofundishwa darasa la jioni. Moinaecha akatoka mbio, hata leso yake ya shiromani hakuifunga sawasawa.

Wakala, Mzee Mouhamadi na joho lake la waliofanya ndoa kubwa, akacheka. "Kaifuta nani? Nabhane? Huyo jaji hajafanya ndoa kubwa! Kwa mila bado ni mtoto, barazani kwetu Ikoni hana ruhusa ya kufungua mdomo, ataifutaje sheria?"

Hajafanya ndoa kubwa! Ndiyo hoja yake, Faouzia! Mzee mzima!

Mtoto wa miaka miwili analala kwenye milio ya risasi, mtu anatuletea habari za harusi.

Moinaecha akauliza, "Na mbunge aliyeileta sheria hiyo, baba, yeye ameshafanya?"

Foleni nzima inajua hajafanya. Mmoja akaangua kicheko.

Mzee akakata tiketi, pua juu. "Basi, wote watoto. Nenda."

Wifi hakuipokea! Nilitaka kumfinya aichukue tiketi, mwanangu mgongoni analia.

"Niambie kwanza, baba. Naruhusiwa kusafiri kwa sababu gani?"

Mzee akanong'ona, "Mahakama imeifuta sheria."

"Huku nyuma hatukusikia!" akasema mama mmoja.

Mzee akarudia, Faouzia. Kwa sauti.